Bakshishi ya mlima: usiitume yote kwa simu moja

Agosti ikikaribia, vyama na makundi ya kazini kutoka Migori, Rongo, Awendo na Homa Bay huanza kupanga safari. Wengine wanataka Mlima Kenya, wafike Point Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, wapige picha na bendera ya shule. Wengine hawaendi mbali hivyo. Wanapanda boti Mbita, wanavuka hadi Mfangano kuona michoro ya kale kwenye miamba, au wanapanda Got Asego jioni moja tu wauone mji wa Homa Bay na ghuba yake kutoka juu. Kote huko kuna mtu anayekutangulia njiani, na mara nyingi kuna mwingine nyuma yako amebeba begi lako.

Tunaulizwa sana: nimtumie ngapi? Ni swali zuri, ila kuna lingine linalotangulia ambalo watu hawaulizi: nimtumie nani?

Mazoea ni haya. Safari imeisha, miguu inauma, gari linanguruma, kila mtu anataka kuoga. Mweka hazina wa kundi anamwita mwongozaji kando, anamtumia shilingi elfu kadhaa, anamwambia, "Bro, mtagawana na wenzako." Wapagazi wamesimama pale karibu na mabegi, wameona simu ikishikwa, wamesikia mlio wa ujumbe. Hawajui ni ngapi. Na hakuna atakayeuliza, kwa sababu mwongozaji ndiye atakayemwita kazini wiki ijayo, au asimwite.

Msimamo wetu ni kwamba hiyo njia iachwe. Bakshishi iende kwa simu ya kila mmoja, kiasi kitajwe mbele ya wote, na mtumaji aongeze ya kutoa.

Hatusemi waongozaji ni wezi. Wengi wao wanagawa vizuri, na wengine huongeza hata kutoka mfukoni mwao. Lakini hata yule mwaminifu kabisa unamwachia tatizo. Akigawa sawasawa, bado kuna mpagazi atakayelala akijiuliza kama kweli zilikuwa elfu sita au zilikuwa kumi. Hana ushahidi, na mwongozaji naye hana njia rahisi ya kujitetea isipokuwa aonyeshe kila mtu ujumbe wake wa simu, pamoja na salio lake. Nani anataka salio lake lisomwe na watu watano?

Kuna sababu hii tabia imekua miaka hii. Zamani watu walipanda na noti mfukoni, kwa hiyo mwishoni walichangisha noti na kugawa noti. Siku hizi ada za hifadhi za KWS zinalipwa kwa eCitizen, getini hawapokei keshi, iwe ni Mlima Kenya au Ruma hapa kwetu Lambwe. Basi watu wanatoka nyumbani bila hata mia mbili ya karatasi. Siku ya mwisho inapofika, chombo pekee kilichopo ni simu, na simu ina uvivu wake: ni rahisi kutuma mara moja kuliko mara sita. Wengi pia wanaamini kutuma mara sita ni ghali.

Hapo ndipo tunataka upige hesabu nasi. Tunatumia bei za M-Pesa kwa sababu ndiyo iliyo kwenye simu nyingi za huku. Wacha tuseme mko wanne, mmehudumiwa na watu sita: mwongozaji mmoja, mpishi mmoja, wapagazi wanne. Mmechanga 6,000. Ukituma 6,000 kwa simu moja, unakatwa 78. Ukituma 1,000 kwa kila mmoja wa sita, unakatwa 13 kila mara. Mara sita ni 78. Ni ile ile! Hujaokoa hata ndururu kwa kutuma mara moja.

Tena ukituma kwa mmoja, hesabu haijaisha. Yeye atawatumia wenzake watano, akatwe 13 mara tano, jumla 65. Hiyo 65 inatoka wapi? Ama anaimeza yeye, ama inatolewa kwenye fungu la wapagazi. Kuna siku zingine anaamua kutoa keshi yote kwa wakala, awagawie mkononi, na wakala wa kule juu hana noti za kutosha, basi wanaambiwa wasubiri hadi kesho. Mpagazi aliyeteremka na gunia la vyombo kutoka kambi ya juu anaambiwa asubiri kesho.

Sasa ya kutoa. Sisi Wakenya tuna adabu nzuri katika hili. Ukimwomba mtu pesa, unasema "na uweke ya kutoa", na mtu haoni haya. Lakini kwa bakshishi tunasahau. Kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Kwa hiyo ukituma elfu moja kamili, aliyebeba mzigo anashika 971. Ukitaka ashike elfu, tuma 1,029, ila ujue umevuka elfu moja, kwa hiyo utakatwa 23 badala ya 13. Kwa watu sita ni 6,174 pamoja na makato 138, jumla 6,312. Mkigawana wanne, kila mmoja anatoa 1,578. Bila ya kutoa kila mmoja angetoa 1,519 na senti hamsini. Tofauti ni kama bei ya soda moja. Bei hizi hubadilika kodi ikibadilika, kwa hiyo angalia za wakati huo kwenye simu yako, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Tumeweka elfu moja moja ili hesabu isomeke. Hatusemi wote wapate sawa. Mwongozaji ana maarifa, anabeba dhamana ya uhai wenu, na mtu akianza kuumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya urefu wa mlima, ni yeye anayeamua mgeuke. Apate zaidi. Ila zaidi isiwe maradufu ya maradufu huku aliyebeba hema, mtungi wa gesi na chakula chenu akipewa ya chai. Kwa maoni yetu, mwongozaji akipata 1,500, mpagazi asishuke chini ya 1,000. Mtu mwingine anaweza kuweka vingine. Cha muhimu ni kiasi kijulikane na wote, kisemwe kwa sauti, "mwongozaji elfu moja mia tano, mpishi elfu moja mia mbili, kila mpagazi elfu moja." Dakika moja tu.

Kuna pingamizi moja tunaliheshimu. Mwongozaji anasema: mimi ndiye ninayejua nani alifanya kazi na nani alilala. Mgeni anaona tu yule mchangamfu aliyeimba njiani, haoni yule aliyeamka saa nane usiku kuchemsha maji. Ni kweli kabisa. Basi muulize. Kabla ya kutuma, mwambie akueleze nani alizidisha, na kama mnakubaliana ongezeni kwa huyo. Ushauri wake unafaa sana. Si lazima pesa ipitie kwake ndipo ushauri ufanye kazi.

Lingine halisemwi wazi, nalo linawahusu wapagazi wenyewe: si kila mtu anataka pesa iingie kwenye laini yake. Sababu kubwa ni Fuliza. Mtu mwenye deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia inalipa deni kwanza. Unamtumia elfu, anapokea ujumbe, anaangalia salio, amebaki na mia mbili. Deni ni lake na lazima lilipwe, hilo hatubishi. Lakini huenda alikuwa amepanga leo ni unga na nauli ya kurudi nyumbani, deni alilipe Ijumaa. Wengine laini ni ya ndugu. Wengine simu imezimika siku tatu mlimani na hawana uhakika hata kama laini bado iko. Kwa hiyo usitume tu kwa sababu umeona namba. Uliza: "Nikutumie kwa laini gani, ama unataka keshi?" Akitaka keshi, mpe keshi mkononi mwake. Sisi ni kampuni ya malipo ya simu na tunakwambia hivyo bila aibu. Kinachotuhusu ni kila mtu apokee chake mwenyewe. Kama ni noti, ni noti. Ukipanda na noti chache za mia mbili na mia tano ndani ya karatasi ya nailoni, hutajuta.

Maandalizi yanafanyika siku ya kwanza, si ya mwisho. Getini, wakati mizigo inapimwa na kufungwa, mweka hazina azunguke na daftari: jina, kazi, namba. Jina la mlimani si lazima liwe la kitambulisho. Yule mnayemwita "Chapo" siku tatu, simu itakuletea majina matatu ya ubatizo na ya ukoo, nawe utaanza kusita. Andika yote mawili. Unapotuma, simu inapokuonyesha jina kabla ya kuthibitisha, lisome kwa sauti, mwenyewe aitike, ndipo ubonyeze. Ukikosea namba licha ya hayo, usimpigie mtu usiyemjua kumbembeleza. Peleka ule ujumbe kwa 456 mara moja.

Kuandika namba mapema kuna faida ya pili. Mtandao mlimani ni wa kubahatisha. Mkifika getini pengine hakuna, na neno linalofuata ni "tutatuma tukifika Nanyuki." Wapagazi wanalijua hilo neno vizuri. Nanyuki watu wanaona nyama choma, baadaye wanalala kwenye gari hadi Nakuru, na kufika Kisii kila mtu ana shida zake. Kama hakuna mtandao getini, mweka hazina awe na orodha, na gari lisimame mahali pa kwanza penye mtandao, hata kama ni kando ya shamba la viazi. Atume zote sita, kisha amtumie mwongozaji picha ya orodha ili wote waione.

Kuna wateja, hasa akina dada, wanaotuambia hawataki namba zao zibaki kwa wanaume sita wasiowajua, kwa sababu wiki ijayo zinaanza jumbe za "hi" na "madam nisaidie." Wana haki. Ndiyo maana kazi hii ifanywe na mweka hazina mmoja kwa laini ya kundi, si kila mpandaji kwa laini yake.

Kuhusu namba ya biashara ya kampuni ya utalii, lile bango la Lipa Hapa ofisini: usiweke bakshishi humo. Pesa ikiingia kwenye namba ya kampuni ni pesa ya kampuni mpaka mwenye kampuni aamue vingine. Ndivyo ilivyo hata hotelini Homa Bay baada ya kuteremka Asego. Ukilipa samaki na kuongeza mia mbili juu ya bili, hiyo mia mbili imeenda kwa mwenye hoteli. Aliyekuletea ugali hajaiona. Uingereza walibishana juu ya jambo hili miaka mingi, hadi wakatunga sheria mwaka 2023, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2024, kwamba mwajiri lazima awape wafanyakazi bakshishi yote bila kukata. Wewe huhitaji kungoja sheria. Lipa bili kwa namba ya hoteli, bakshishi kwa namba ya mhudumu.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu huku kwetu tatizo lina sura nyingine. Mfangano au Thimlich Ohinga hakuna kikosi cha watu sita. Thimlich, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala simiti, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, utapata mtu mmoja wa kukuzungusha na kukueleza milango na maboma. Got Asego unaweza kukuta kijana tu amejitokeza, anasema atakuonyesha njia na kukubebea maji. Ukimuuliza bei anajibu, "Tutaelewana."

Hilo neno tulichukie kidogo. Linasikika kama heshima, na kweli kijana anasema hivyo kwa sababu anaona haya kutaja bei mbele ya mtu mzima. Lakini mkifika chini, mwenye pesa ndiye anayeelewa na asiye na pesa anaelewana. Unampa hamsini, anasema asante mkubwa, anaondoka. Alikuwa amepoteza saa tatu ambazo angebeba abiria wawili watatu kwa boda. Taja wewe bei kabla ya kuanza kupanda. Sema: "Nitakulipa hivi kwa kunipeleka, na nikiridhika nitaongeza." Ile ya kwanza ni malipo ya kazi. Ya pili ndiyo bakshishi. Mkichanganya hayo mawili, kijana hana mshahara wala zawadi, ana huruma yako tu.

Na kama huyo anayejitolea kubeba begi hana laini kwa sababu bado hana kitambulisho, yaani ni mtoto wa shule yuko likizo, basi beba begi lako mwenyewe. Mnunulie maandazi, mzungumze habari za shule.

Kosa hilo la kuchanganya malipo na bakshishi liko hata kwenye safari kubwa, tena huko ndiko linakoumiza zaidi. Unapata kampuni mbili za Mlima Kenya, moja ghali, moja rahisi kwa elfu kadhaa. Chama kinachagua rahisi na kufurahi. Kabla hujalipa rahisi hiyo, piga simu uulize swali moja: mpagazi wenu mnamlipa ngapi kwa siku, na mnamlipa lini? Kampuni inayolipa vizuri itakujibu haraka. Inayojibu "hao wanategemea tips" imekwambia kwamba wewe ndiye mwajiri na hukujua. Bakshishi yako, hata ukiituma kwa uangalifu wote tulioueleza, haitaziba pengo la mtu aliyefanya kazi siku nne bila mshahara wa maana. (Na tafadhali, askari wa getini apewe salamu tu. Huku tunaita bakshishi "chai", na tunaita hongo "chai" vilevile, ndiyo maana watu hujichanganya. Mpagazi unampa baada ya kazi, hadharani, kwa kiasi kinachotajwa.)

Neno kwa wewe unayebeba au unayeongoza, kwa sababu tunajua mnasoma hapa pia. Mgeni akikuonyesha kwenye simu yake kwamba "imetumwa", ngoja ujumbe uingie kwako, kisha uangalie salio. Ujumbe pekee hautoshi, kuna watu wanaotunga jumbe. Namba ya siri usimpe mtu hata akisema anakusaidia kwa sababu vidole vyako vina baridi. Kama kazi hii unaifanya mara kwa mara, fikiria Pochi la Biashara kwa laini yako: pesa ya kazi inakaa kando na ya nyumbani, na mteja hawezi kuirudisha kwake bila wewe kukubali.

Mwisho, wale wanaovuka Isebania kwenda Kilimanjaro. Mambo mengi tuliyosema, wenzetu wa Moshi wameyafanyia kazi kabla yetu. Huko kuna KPAP, shirika linalotetea wapagazi wa Kilimanjaro tangu 2003, nalo linataka bakshishi itolewe kwa uwazi, kila mpagazi apewe chake. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, unapimwa getini, kwa hiyo begi lako lisijazwe vitu vya "huenda nikahitaji." Kikosi ni kikubwa kuliko cha Mlima Kenya, wapagazi watatu au zaidi kwa kila mpandaji si ajabu. Kutuma pesa kutoka laini ya Kenya hadi ya Tanzania inawezekana, lakini kuna kubadilisha sarafu na makato yake, na kwa watu kumi na watano utachoka. Badilisha pesa Sirare kabla hujaendelea, uombe noti za elfu tano na za elfu kumi, nunua bahasha dukani. Usiku wa mwisho kambini muombe mwongozaji akusomee majina yote, uandike jina moja juu ya kila bahasha, na asubuhi ugawe mwenyewe.